Jinsi ya Kuvitambua Vishazi vya Kiingereza Ukianzia kwenye Kiswahili Chako

Jioni, baada ya Magharibi, huwa nakaa na wanafunzi watatu kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga. Mmoja ni kijana wa bodaboda, wa pili ni binti wa kidato cha pili, wa tatu anatembeza wageni kwenye mapango ya Amboni. Wote walikaririshwa shuleni kwamba "clause" ni kundi la maneno lenye kiima na kiarifu, na sentensi hiyo wanaikumbuka mpaka leo. Lakini siku ya kwanza nilipowapa aya fupi ya Kiingereza wanionyeshe clause ziko wapi, kalamu zilisimama.

Kwa Kiswahili tunaiita kishazi, na mtu wa pwani anaunda vishazi kutwa kucha bila kujua. Ukisema "samaki niliyemnunua jana", lile neno moja, niliyemnunua, lina mtendaji, lina wakati, lina kirejeshi na lina mtendwa. Kishazi kizima kimekaa ndani ya neno moja. Kiingereza kinalifumua neno hilo na kutandaza vipande vyake mkekani: "that I bought". Kwa hiyo wewe kishazi unakijua. Unachohitaji ni kukitambua kikiwa kimefumuliwa, na hapo chini nitaeleza namna tunavyofanya barazani. Chukua penseli na aya yoyote fupi ya Kiingereza. Kamusi iache ndani kwanza.

Hatua ya kwanza: piga mstari chini ya vitenzi vilivyovaa wakati

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Mwanafunzi hukimbilia kutafuta "because" na "which" kabla hajajua sentensi ina vitenzi vingapi.

Kitenzi cha Kiswahili huonekana kimevaa wakati kwa sababu ya viambishi: a-li-kwenda, a-na-kwenda, a-ta-kwenda. Kiingereza nacho kina vitenzi vilivyovaa wakati na vitenzi vitupu, ila si rahisi kuvitofautisha kwa macho. Tumia jaribio hili: isome sentensi kama ni ya leo, kisha isome tena kana kwamba mambo yote yalitokea mwaka jana. Kitenzi kinachobadilika umbo kimevaa wakati. Kisichobadilika ni kitupu.

Tazama sentensi hii, ambayo binti wa kidato cha pili aliitoa stendi, msimu machungwa ya Muheza yalipojaa kila kona:

"The boys selling oranges at the bus stand are my cousins."

Ipeleke mwaka jana. "Are" inageuka kuwa "were". "Selling" inabaki vilevile. Basi kitenzi kilichovaa wakati ni kimoja, na kishazi ni kimoja. Yeye alikuwa amehesabu viwili, na si ajabu, maana Kiswahili chake kinasema "vijana wanaouza machungwa", na wanaouza kimevaa wakati sawasawa. Vitabu vingine vya sarufi huliita kundi la "selling oranges" kishazi pia, cha aina isiyo na wakati. Si kosa. Lakini kwa anayeanza, shika vilivyovaa wakati kwanza, hivyo vingine vitakuja vyenyewe.

Hatari ya "selling" ni hii: anayeidhani ni kitenzi kamili ataandika "The boys selling oranges at the bus stand" na kuweka nukta, akiamini amemaliza sentensi. Msomaji wake atabaki anasubiri hao vijana wamefanya nini.

Mambo mawili ya kuangalia. Kitenzi kikiwa na visaidizi, kama "has been waiting" au "will have gone", msururu wote ni kitenzi kimoja, basi piga mstari mmoja mrefu. Na kitenzi kinachotanguliwa na "to", kama "to go" katika "she wants to go", ni kitupu. Jaribu mwaka jana: "she wanted to go". Ni "wants" tu iliyosogea.

Ukishapiga mistari, hesabu. Idadi ya mistari ndiyo idadi ya vishazi.

Hatua ya pili: kila kitenzi kipe mwenyewe

Sasa kwa kila mstari uliza: nani, au nini? Jibu ndilo kiima. Kiima cha Kiswahili kinaweza kufichwa ndani ya kitenzi, "wamefika" inatosha. Cha Kiingereza lazima kionekane kwa macho, isipokuwa kwenye amri. Ndiyo maana "Is raining" ni kosa na "It is raining" ni sahihi, hata kama hiyo "it" haina kitu inachokitaja.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo nalisikia kila siku: "My mother she sells fish." Huyo "she" ametoka wapi? Ametoka kwenye a- ya "Mama yangu anauza samaki". Tumezoea kitenzi kiwe na alama ya mtendaji hata kama mtendaji ameshatajwa. Kiingereza kinataka mwenyewe mmoja kwa kitenzi kimoja. Ukishamtaja mama, basi.

Hatua ya tatu: zungushia boksi, kisha tafuta mlango

Chora boksi kuzunguka kila kitenzi pamoja na kiima chake na maneno yanayokifuata. Halafu tazama neno linalosimama mwanzoni mwa boksi. Hilo ndilo mlango, na ndilo linalokuambia boksi linaweza kuishi peke yake au linategemea jingine.

Milango ya "and", "but", "or" na "so" inaunganisha vishazi vyenye hadhi sawa. Milango ya "because", "when", "if", "although", "while", "until", "unless", na ile ya "who", "which", "that", inakifanya kishazi kuwa tegemezi.

Usiikariri orodha hiyo. Barazani tunatumia jaribio la "Enhe?" Mtu akikusimulia jambo na hajamaliza, unaitikia "Enhe?" ili aendelee. Soma boksi moja peke yake kwa sauti. Ukijikuta unataka kusema "Enhe?", kishazi hicho ni tegemezi. "When the ferry arrived…" Enhe? Tegemezi. "The ferry arrived." Hapo hakuna cha kuuliza, ni huru.

Mdogo wangu aliwahi kuandika barua ya kuomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Aya ya pili ilianza hivi: "Because I have finished Form Four and I can speak English." Nukta. Kabla hajaipeleka nilimwomba anisomee kwa sauti. Alipofika kwenye nukta nikamwitikia, "Enhe?" Akanyamaza, akaitazama karatasi, akachukua kalamu mwenyewe. Tuliunganisha boksi hilo na la mbele yake: "Because I have finished Form Four and I can speak English, I believe I can serve your guests well." Kwenye mazungumzo, ukiulizwa kwa nini umechelewa, unaweza kujibu "kwa sababu pikipiki imeharibika" na mambo yakaisha, Kiswahili na Kiingereza pia. Kwenye barua rasmi kishazi tegemezi hakikai peke yake.

Angalia pia kwamba maneno kama "after", "before", "since" na "until" yana kazi mbili. "After the rain" haina kitenzi, kwa hiyo ni kirai tu. "After it rained" ni kishazi. Kwa hiyo mlango peke yake usikudanganye. Rudi kwenye mistari yako ya hatua ya kwanza.

Na wakati mwingine mlango haupo kabisa. "I know he is at home" ina vitenzi viwili, hivyo vishazi viwili, na "that" imeachwa. Hili lisikutishe, maana nasi husema "Najua yuko nyumbani" bila "kwamba".

Hatua ya nne: uliza boksi tegemezi linafanya kazi gani

Kazi ni tatu: ya kielezi, ya nomino, ya kivumishi.

Ya kielezi ni nyepesi. Kishazi kinajibu lini, kwa nini, kwa sharti gani. Kwetu kazi hii hufanywa na -po-, -ki- na -sipo-: nilipofika, ukija, asipolipa. Kwa Kiingereza ni "when I arrived", "if you come", "unless he pays". Kikitangulia, weka koma baada yake. Kikija nyuma, kwa kawaida koma haihitajiki.

Ya nomino ni ile inayoweza kubadilishwa kwa neno "kitu" au "jambo". "I know what you want": najua kitu. Hapa tunateleza kwenye maswali. Kiswahili kinasema "Yuko wapi?" na "Sijui yuko wapi", maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Kiingereza kinageuza: swali ni "Where is he?" lakini ndani ya sentensi kubwa ni "I don't know where he is." Kijana wa Amboni alikuwa akiwaambia wageni "I will show you where is the exit". Walimwelewa, ila alitaka kusema vizuri, na siku hizi anasema "where the exit is" bila kusita.

Ya kivumishi ndiyo tamu, na hapa nitakaa kidogo.

Kishazi cha kivumishi kinamweleza mtu au kitu kilichotajwa punde: mama anayeuza mihogo, daladala iliyotoka Pongwe, nyumba ambayo paa lake limevuja. Kiingereza hutumia "who" kwa watu, "which" kwa vitu, "that" kwa vyote viwili, na "whose" kwa umiliki: "the house whose roof leaked".

Sasa tazama neno "niliyemsalimia". Ndani yake mna -m-, yaani yeye. Tunapotafsiri, ile -m- inatufuata mpaka ng'ambo: "the woman whom I greeted her". Hiyo "her" ifute. Kwa Kiingereza "whom" ndiyo mtendwa tayari. Na kwa kuwa ni mtendwa, unaweza kuiacha kabisa: "the woman I greeted". Kiswahili hakina ruhusa hiyo, huwezi kusema "mama nilimsalimia ameondoka" kwa maana ileile. Ndiyo maana "the woman I greeted has left" inamchanganya mwanafunzi: majina mawili yamekaa bega kwa bega na vitenzi viwili vinafuatana. Ukiona hivyo, ujue mlango umeachwa. Urudishe kwa penseli, "the woman whom I greeted", na boksi litaonekana.

Uwezo huo wa kuacha mlango ni wa mtendwa tu. "The woman greeted me has left" ni kosa, kwa sababu hapo mama ndiye mtendaji. Lazima useme "the woman who greeted me".

Halafu koma. Linganisha:

"My brother who lives in Pangani is a fisherman."

"My brother, who lives in Pangani, is a fisherman."

Maneno hayohayo, mpangilio huohuo. Katika ya kwanza nina kaka zaidi ya mmoja, nami nataka ujue namzungumzia yupi: yule wa Pangani. Katika ya pili msikilizaji anaelewa kaka ni mmoja, na habari ya Pangani ni nyongeza tu. Kwenye Kiswahili cha kuzungumza tofauti hii tunaifanya kwa pumzi: "Kaka yangu, anakaa Pangani, ni mvuvi." Kiingereza kinaiweka kwenye maandishi, na maana inaweza kubadilisha haki ya mtu. "The passengers who had paid got seats" maana yake waliolipa walipata viti na wengine walisimama. Ukiweka koma mbili, "The passengers, who had paid, got seats", umesema abiria wote walikuwa wamelipa na wote walipata viti.

Njia ya kukagua: fumba kishazi kwa kidole. Ukikifumba na bado unajua ni nani anayetajwa, weka koma. Jina la mtu mashuhuri halihitaji kusaidiwa ajulikane, kwa hiyo "Shaaban Robert, who was born near Tanga in 1909, wrote in Swahili" ina koma pande zote mbili. Na baada ya koma ya namna hiyo usitumie "that". Tumia "who" au "which".

Mahali Kiswahili kinapotuvuta shati

Makosa haya hayatokani na uvivu. Yanatokana na lugha yetu kufanya kazi yake vizuri mahali isipotakiwa.

"Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda." Wengi husema hivyo na inaeleweka. Kiingereza kinakubali mlango mmoja: ama "Although it rained, we went", ama "It rained, but we went". Ukiweka yote miwili umevifanya vishazi vyote viwili visubiriane.

"Atakapofika, nitampigia." Kiswahili kinaweka wakati ujao pande zote, -taka- huku na -ta- kule. Kiingereza kinauweka upande wa kishazi huru pekee: "When he arrives, I will call him." Ndivyo ilivyo hata kwa "before", "after", "until" na "as soon as" zinapotaja wakati.

"Ungekuja, ningekupa." Tunavalisha -nge- vishazi vyote viwili, na ni vizuri masikioni. Kwa hiyo mkono unaandika "If you would come, I would give you some." Andika "If you came, I would give you some." Hiyo "came" si habari ya jana, inaonyesha tu kwamba jambo si la kweli au haliko karibu. Na ile ya -ngali-, ya majuto, ni "If you had come, I would have given you some."

Kisha kuna -ka-, roho ya hadithi zetu. "Alifika, akakaa, akanywa kahawa, akaondoka." Vishazi vinne, koma tatu, na hakuna msomaji wa Kiswahili atakayelalamika, maana -ka- yenyewe ndiyo kamba inayovifunga. Kiingereza hakina -ka-. Ukiandika "He arrived, he sat down, he drank coffee, he left", umeweka vishazi huru vinne vilivyotenganishwa na koma tupu, na mwalimu atazungushia wino mwekundu. Kiima kiache kimoja na weka "and" mwishoni: "He arrived, sat down, drank coffee and left." Nikisahihisha insha za kidato cha pili, kosa hili nalikuta kuliko mengine yote, hasa kwa wanaosimulia vizuri.

Tufanye pamoja sentensi moja nzito

Kijana wa Amboni alitaka kuwaeleza wageni habari za samaki anayeitwa silikanti ("coelacanth"), na tukaandika hivi:

"The coelacanth, which scientists believed had died out with the dinosaurs, was caught off South Africa in 1938, and since 2003 fishermen near Tanga have caught many."

Mistari kwanza. "Believed", "had died out", "was caught", "have caught". Vishazi vinne. "Since 2003" tumeiacha, ni mwaka tu, hauna kitenzi.

Wenyewe sasa. "Have caught" ni ya "fishermen". "Was caught" ni ya "the coelacanth", ingawa mmoja yuko mwanzo wa sentensi na mwingine yuko mbali. Kilichowatenganisha ni boksi lililoingia katikati. "Believed" ni ya "scientists". Na "had died out"? Hapo kijana alikwama. Alisema "scientists". Nikamuuliza, wanasayansi ndio waliotoweka? Akatazama tena, akasema, "Hapana mwalimu, ni which. Ni samaki." Sahihi. "Scientists believed" imepenya kati ya "which" na kitenzi chake. Kwa Kiswahili ni "ambaye wanasayansi waliamini kuwa ametoweka", na huko nako waliamini imekaa katikati.

Milango: "which" inafungua boksi la kivumishi, lenye koma pande zote mbili kwa kuwa samaki ameshajulikana kwa jina lake. "And" inaunganisha vishazi huru viwili. Basi ukifumba lililo kati ya koma, unabaki na mgongo wa sentensi: samaki alinaswa Afrika Kusini, na wavuvi wa karibu na Tanga wamenasa wengi. Siku iliyofuata aliongeza ya kwake bila msaada: "Because the fish is rare, the government made a marine park here in 2009." Hesabu mwenyewe.

Ya kufanya peke yako

Ujumbe huu niliwapa wote watatu, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili:

"Mvuvi anayekaa nyuma ya msikiti akija kabla sijarudi, mwambie kwamba pesa alizotukopesha zipo mezani."

"If the fisherman who lives behind the mosque comes before I return, tell him that the money he lent us is on the table."

Piga mistari pande zote mbili kabla hujasoma chini.

Kiswahili: anayekaa, akija, sijarudi, mwambie, alizotukopesha, zipo. Sita. Kiingereza: "lives", "comes", "return", "tell", "lent", "is". Sita pia, kimoja kwa kimoja. "Tell" ni amri, kwa hiyo haibadiliki kwenye jaribio la mwaka jana na kiima chake hakionekani, lakini tunaihesabu, nacho ndicho kishazi huru pekee humo ndani. Vingine vitano vyote vinakitegemea. Ona pia "kabla sijarudi": sisi tunakanusha, Kiingereza hakikanushi, ni "before I return" bila "not" yoyote.

Binti alivipata vitano haraka, akawa anageuza karatasi akitafuta cha sita. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeweka kidole kwenye "the money he lent us" na kusema kwamba hapa pana mlango umeachwa, akauandika kwa penseli juu ya mstari: "which".